Dari ya gari la zamani hutundikwa, haibandikwi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Makala yenu kuhusu kufufua gari la abiria la zamani nimeisoma mara mbili, na mwandishi wake anastahili pongezi kwa alivyoeleza injini, breki na kutu. Lakini dari ya ndani ameipa sentensi mbili tu. Anasema ni kazi ya kumalizia: mtu anabandua kitambaa kilichochakaa, anabandika kipya chenye sponji juu ya bati, na jioni anaondoka na gari lake. Sentensi hizo mbili ndizo zilizonishikisha kalamu. Ushauri huohuo tulipewa sisi, tukaufuata, na kazi ya siku moja ikatuchukua karibu miaka miwili kuirekebisha.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona magauni ya maharusi, sare za shule na mapazia kwa miaka 26. Gari ni la baba watoto, Kombi ya mwaka 1972, ile yenye kioo kimoja kipana mbele na injini nyuma. Tuliinunua ikiwa imesimama muda mrefu hata majani yameota katikati ya magurudumu. Yeye alishika vyuma, mimi nikashika viti na mapazia. Dari hakuna aliyeitazama. Ilikuwa reksini nyeupe yenye vitundu vidogovidogo, imegeuka rangi kama karatasi iliyosahaulika juani, na juu ya kiti cha nyuma ilikuwa imechanika upana wa mkono.

Tukalipeleka kwa fundi wa viti. Simtaji, na kinyongo naye sina, maana alifanya kama alivyozoea kufanya kwenye magari ya siku hizi. Aliichana reksini yote, akazing'oa fito za chuma zilizokuwa zimeishikilia, akapaka gundi kwenye bati, akabandika kitambaa cha kijivu chenye sponji mgongoni. Kwa macho ilipendeza. Niliigusa, nikaisifu.

Joto lilipopanda kitambaa kikaanza kuvimba hapa na pale, kisha mavimbe yakaungana, kikashuka katikati kama tumbo. Baba watoto akakichomeka pini. Siku moja tunateremka mlima, madirisha wazi, ukingo wa mbele ukaachia wote kwa pamoja. Kitambaa kikamwangukia kichwani, kikafunika usukani. Binti yangu aliyekaa naye mbele alikivuta kwa mikono miwili huku baba yake akikanyaga breki bila kuona barabara. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nimepakata gauni la mteja, na vumbi la njano la sponji likamwagika juu ya satini nyeupe. Tulisimama salama kando ya barabara. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini ndiyo maana siwezi kusoma kwamba dari ni pambo la kumalizia nikanyamaza.

Usiku ule nilikitandaza kile kitambaa mezani kama ninavyotandaza nguo iliyorudishwa na mteja, nikaitafuta sababu. Mgongoni kilikuwa na sponji nyembamba kama ukungu, na juu ya bati kulikuwa na sponji nyingine iliyoganda kwenye gundi. Kwa hiyo gundi ilikuwa bado imeshika pale ilipopakwa. Sponji yenyewe ndiyo iliyokatika katikati ya unene wake. Nikiisugua kwa kidole inakuwa unga. Sponji ya namna ile huoza kwa joto na unyevu, na bati la paa juani halishikiki kwa kiganja, wakati usiku linapoa na pumzi za watu waliomo ndani zinageuka matone juu yake. Tuliibandika mahali pabaya kuliko pote ndani ya gari. Na pale gundi ilipokaa vipandevipande, maji yalijificha nyuma yake: tulikuta madoa ya kutu ambayo hayakuwapo tuliponunua gari.

Nataka nimtendee haki mwandishi wa makala. Katika magari mengi ya sasa kitambaa chenye sponji ndicho kinachotumika, lakini hubandikwa kwenye ubao mwepesi uliofinyangwa kwa umbo la paa, na ubao ndio unaofungwa garini. Kikilegea, ubao unatolewa nje, unakwanguliwa sponji yote, unavalishwa upya. Gari letu halina ubao. Dari yake ni nguo iliyoshonwa vipande kwa vipande, na nyuma ya kila mshono kuna upindo, kama upindo wa kiunoni unaopitisha lastiki. Ndani ya upindo hupita ufito wa chuma uliopindwa kufuata mviringo wa paa, na ncha zake mbili hukaa kwenye matundu yaliyotobolewa pembeni, kulia na kushoto. Nguo inaning'inia kwenye fito, inavutwa mbele, nyuma na kando, kisha kingo zake ndizo peke yake zinazopakwa gundi. Kati ya nguo na bati kuna hewa. Bati likitoka jasho, nguo haiguswi.

Kumbe basi fito ndizo dari, na zetu zilikuwa zimetupwa.

Tulirudi karakana. Nyuma ya jengo, kwenye lundo la vyuma chakavu, tulizikuta tano kati ya sita. Mmoja ulikuwa umekanyagwa na gurudumu. Wa sita hatukuupata. Na reksini ya zamani, niliyokuwa nimeiombolezea kimoyomoyo kwa sababu ndiyo kipimo pekee cha kweli, ilipatikana mahali ambapo sikutarajia: shemeji yangu alikuwa ameichukua siku ile ya kwanza akafunikia matofali. Ilikuwa imetoboka, ina matope, lakini mishono yote ilikuwapo. Nililia pale penye matofali, wala sioni haya kuliandika.

Wasomaji wenye gari la namna hii, naomba mnisikilize hapa kuliko popote. Kabla mtu hajagusa dari yenu na mkasi, chukueni kipande cha karatasi ya kubandika, muandike nambari kwenye kila ufito na kwenye tundu lake, na mbele ya ufito ni upande gani. Fito zinafanana zikiwa zimelala sakafuni, lakini si sawa. Sisi tulizipanga tano zile kwa kujaribu, kama mtu anayevalisha watoto viatu gizani, siku nzima na nusu. Zikikaa vibaya nguo haikubali, na hutajua kosa liko kwenye ufito; utadhani ni mshono.

Ule wa sita tuliutengeneza wenyewe. Nilikata kadibodi, nikaipunguza kidogokidogo mpaka ikalala kwenye mviringo wa paa pale palipo matundu matupu, kisha nikaishusha umbali wa kidole kimoja, kama jirani zake zinavyokaa mbali na bati. Nikailaza kadibodi kwenye sakafu ya saruji, nikaufuatisha mviringo kwa chaki. Baba watoto akaleta chuma cha mviringo cha unene uleule, akawa anakipinda polepole na kukilaza juu ya mstari wangu, anakiinua, anakipinda tena. Ule uliokanyagwa tuliunyoosha kwa njia hiyohiyo. Ncha zote sita tukazivisha kofia za plastiki, maana chuma kikikutana na chuma pale pembeni gari litalia njia nzima.

Kuhusu kiolezo, yaani vipande vya mfano ambavyo kitambaa kipya hukatwa kwa kuvifuatisha, nitasema kidogo, ila hiki kidogo ni muhimu. Niliifumua reksini kwa wembe, mshono kwa mshono, na kila kipande nikakiandika mahali pake kabla sijakitenga na mwenzake. Nikakuta si mistatili. Kingo zinazoshonwa pamoja zina mviringo mdogo sana, usiouona mpaka uweke rula. Mviringo huo ndio unaoifanya dari ikae kama kuba badala ya kukaa kama shuka lililoanikwa. Aliyekata vipande vya moja kwa moja atavuta mpaka mikono iume na mikunjo haitaisha. Tena msipime katikati ya kipande, kwa kuwa reksini ya miaka mingi imekwisha kulegea pale. Pimeni kwenye mshono, ambako uzi umeishikilia isitanuke. Na mstari wa zamani wa mkunjo pembeni msiufute. Unawaonyesha kitambaa kiliishia wapi na ziada ilikuwa kiasi gani.

Sasa kitambaa. Tungeweza kurudisha reksini, na mtu anayetaka gari lake liwe kama lilivyotoka kiwandani afanye hivyo. Sisi tulitaka kitambaa, kama kilivyokuwa kwenye baadhi ya Kombi za abiria za miaka ya 1950, kwa sababu kinameza sauti. Nilikuwa na jora nne za kuchagua. Kwanza nilikata ukanda mwembamba wa kila moja nikautia moto uani, juu ya beseni la maji, jinsi mafundi tunavyofanya tukitaka kujua kitambaa kimefumwa kwa nyuzi gani. Poliesta iliyeyuka ikadondosha matone yanayowaka. Pamba iliwaka haraka, na hata nilipouzima mwali kaa jekundu liliendelea kutembea. Sufu ilijikunja, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, na nilipoondoa kiberiti ikazimika yenyewe. Marekani wana kanuni ya usalama wa magari, nambari 302, iliyoanza kutumika Septemba 1972, mwaka uleule wa gari letu, inayotaka vitambaa vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayopita milimita 102 kwa dakika. Jaribio langu la uani si kipimo cha kanuni hiyo. Lakini nilipoyaona yale matone ya poliesta yakidondoka nikavifikiria vichwa vya wanangu chini yake, uchaguzi ukawa umekwisha. Nikachukua sufu ya rangi ya mchanga, iliyofumwa kwa kubana.

Sufu hurudi, yaani husinyaa. Kabla ya kukata niliipitishia pasi ya mvuke jora zima, nikaiacha ilale usiku kucha bila kukunjwa. Kisha nikakata vipande, mtande, yaani nyuzi zinazofuata urefu wa jora, ukielekea mbele na nyuma ya gari, na mshindio, zile zinazokatiza upana wake, ukielekea kulia na kushoto. Mtande hautanuki kirahisi, kwa hiyo nguo haitalegea kati ya ufito na ufito; mshindio una ulegevu kidogo, na ulegevu huo ndio tunaouhitaji kando, nguo inapogeuka kwenye mviringo wa paa. Ukikata mshazari ili kuokoa kitambaa, dari yako itatanuka upande mmoja na kubana upande mwingine. Mshazari ni wa sketi.

Pindo nilizitengeneza kwa kitambaa kipya cha marekani, kile cha pamba kisichotiwa rangi, upana wa kutosha ufito upite bila kulazimishwa, nikazishona pamoja na vipande viwili vya sufu katika mshono mmoja. Uzi uwe wa poliesta mnene, maana uzi wa pamba huoza kwa unyevu, na mishono isiwe midogo mno. Sindano ikitoboa karibukaribu umeandaa mahali pa kuchanikia. Nilitumia sindano nambari 16, na bado penye tabaka nne niliizungusha cherehani kwa mkono.

Vioo ilibidi vitoke. Hili makala haikulisema kabisa, nami naliona ni kosa kubwa, kwa kuwa ukingo wa dari hugeuka kwenye mdomo wa dirisha na mpira wa kioo ndio unaoukandamiza. Anayechomeka kitambaa kwa bisibisi chini ya mpira uliokauka atauchana mpira, na mvua itamfundisha. Wakati vioo vimetoka baba watoto aliusugua kutu, akapaka rangi ya kuuzuia, akabadilisha waya wa taa ya ndani ambao ngozi yake ilikuwa inakatika ukiupinda. Waya ubadilishwe wakati huo, wala usiahirishwe. Baada ya hapo umefungiwa.

Siku ya kupandisha tulikuwa wanne, na siku ya kwanza hatukugusa gundi hata tone. Nilikuwa nimetia chaki katikati ya kila mshono, na tukavuta uzi kutoka katikati ya kioo cha mbele hadi katikati ya kile cha nyuma. Fito ziliingizwa kwenye pindo mezani, tukaibeba nguo yote ndani kama jamvi. Tulianzia nyuma: ncha moja kwenye tundu, ya pili inapindwa kidogo na kuingia, kisha ufito unasimamishwa. Fito hupenda kulala nguo ikivutwa, kwa hiyo tulizifunga moja kwa nyingine kwa kamba nyembamba upande wa juu, zibaki wima. Chaki zote zikakaa chini ya uzi. Tukavuta mbele na nyuma kwanza, kutoka katikati kwenda pembeni, tukashikiza kwa vibanio vya karatasi, vile vyeusi vya ofisini, vipatavyo themanini. Halafu kando: kiganja kimoja kulia, kiganja kimoja kushoto, kwa zamu. Tukafunga milango tukaiacha ilale. Asubuhi ilikuwa imelegea kidogo, tukaivuta tena.

Hapo ndipo ulipotokea mkunjo ninaotaka kuueleza, kwa sababu naamini ndio unaowakatisha tamaa watu wakarudi kwenye sponji. Juu ya dirisha la kati upande wa kushoto, kutoka pale ufito wa tatu unapoishia, ulikuja mkunjo mmoja wa mshazari, mrefu kama kisigino hadi goti, unaelekea kona ya dirisha. Baba watoto alivuta ukingo. Mkunjo ukazidi kuwa mkali. Shemeji akavuta kwa koleo, nikamwomba aache. Mkunjo ule naujua. Ni uleule unaotoka kwapani kwenda kifuani mkono wa blauzi ukiwa umebanwa mahali. Mkunjo wa kulegea ni laini, ukiugusa unahama. Mkunjo wa kuvuta umenyooka na una ncha, na ncha yake inakuonyesha kinachobana.

Nilipanda juu ya kiti, nikaingiza mkono kati ya nguo na bati, nikafuata ncha kwa vidole. Palikuwa na upindo. Marekani niliyoishona ilikuwa imefika mpaka mwisho wa ufito, na kwa kuwa haitanuki iliishika sufu pale ikiizuia isishuke kwenye ukingo wa dirisha. Nguo ilikuwa inavutwa na sisi huku inashikwa na upindo wake yenyewe. Nikaomba mkasi mdogo, nikakata upindo peke yake, si sufu, sentimita moja. Mkunjo ukafupika. Nikakata nusu nyingine. Ukabaki kama alama ya kucha. Nikakata nusu ya nusu, baba watoto akavuta kwa vidole viwili tu, na ukapotea mbele ya macho yetu sote. Lazima ikatwe kidogokidogo hivyo, kwa sababu ukizidisha nguo itaachana na ncha ya ufito na kutepeta, na hapo hakuna dawa ila kushusha yote na kushona upindo upya. Baada ya dirisha lile nilizipitia ncha kumi na mbili zote kwa mkasi uleule.

Penye kona za madirisha nilipiga mikato midogo kwenye ziada, kama kwenye shingo ya gauni, nikiishia mbali na mstari ambao mpira wa kioo utafunika. Ndipo tukatumia gundi ile ya kupaka pande zote mbili, milango yote wazi na hakuna moto karibu, tukifungua vibanio kumi kwa wakati mmoja, tunapaka, tunasubiri mpaka kidole kikigusa hakitoki na gundi, tunavuta na kukandamiza. Gundi hii ikishashikana hairudi, ndiyo maana siku ya kwanza ni ya vibanio peke yake. Vikunyanzi vilivyosalia niliviondoa kwa mvuke wa pasi bila kugusa kitambaa. Sufu ikipata mvuke hujinyoosha yenyewe inapokauka. Tundu la taa nililikata mwisho kabisa, baada ya kuupapasa waya mara tatu, dogo kuliko taa, kwa mkato wa msalaba.

Tangu hapo tumepita misimu miwili ya joto na haijashuka popote. Mvua ikinyesha tunasikilizana bila kupaza sauti. Asubuhi baada ya kulala garini sasa natelezesha kiganja juu ya kichwa changu na kitambaa ni kikavu.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwandishi wa makala ni kwamba arudi kwenye sentensi zile mbili aziandike upya, maana watu wanamwamini na watazifuata. Wenye karakana nawaomba mrudishieni mwenye gari fito zake na kitambaa chake cha zamani, hata kama kimeoza, hata kama yeye mwenyewe haviombi. Na mafundi cherehani wenzangu, ambao najua mngesema kazi hii ni ya watu wa magari: kiolezo, upindo, mtande na mkunjo wa kwapani ni mambo yenu. Watu wa magari wanawahitaji, ila hawajui kuwaita. Kiolezo changu nimekinakili kwenye karatasi ngumu, na aliye na gari kama hili nitamruhusu akifuatishe, mradi aje na fito zake tuzipime kwanza.

Nimeambatanisha picha moja. Ni fito sita zimelala kwenye sakafu ya saruji, kila mmoja juu ya mstari wake wa chaki. Ukiona inafaa, Mhariri, ichapishe kwa ukubwa ambao msomaji ataweza kuweka kidole juu ya ufito wa pili na wa tatu akaona tofauti.

Wako,
Fundi cherehani, msomaji wa siku nyingi